Beki Mlangoni

Kila jioni Zamda akirudi kutoka dukani na mkate kwapani, humkuta mumewe amesimama mlangoni, mikono ameitanua, magoti ameyakunja. Enzi zake Shomvi alikuwa beki wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira kwapani, na watu walijaa uwanjani kumwona akiwaangusha wakimbiaji. Kugongana vichwa miaka yote ile kumemharibia kumbukumbu. Hata jina la mkewe limemtoka, lakini kazi yake bado anaijua.

"Hapiti mtu hapa," husema.

Zamda humbembeleza, hucheka, siku nyingine hulia, mpaka aachiwe njia.

Leo alimpiga chenga kwa utani. Aliinamisha bega kulia, akapita kushoto, akajikuta sebuleni. Nyuma yake Shomvi bado alikuwa ametanua mikono, akilinda baraza tupu.

"Baba Siwema, nimeshapita."

Hakugeuka.

Zamda aliutazama ule mgongo mpana. Kisha akatokea mlango wa uani, akazunguka nyumba mpaka barazani, akaubana mkate kwapani, akamwendea polepole, kifua kwa kifua.

"Nizuie, Baba Siwema," alisema. "Nakuja."