Kurasa za Saa Kumi

"Ukurasa wa tisa, kuchapisha. Kwanza, washa printa. À vous!"

Mwalimu Syauswa alipaza sauti kwenye redio ya foni, ile ya kuzungumza na miji ya mbali, kisha akaachia kitufe ili ajibiwe. Yeye alikuwa Butembo, intaneti ilikuwa Beni, na mwaka huo wa 2002 barabara ilikuwa ya askari. Basi kila siku saa kumi jioni alisoma hewani, kipande kwa kipande na kwa kurudiarudia, maelezo yake ya Kiswahili ya programu ya bure ya kuandikia barua, ile ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichangia. Adèle, karani wa kanisa huko Beni, aliyachapa na kuyatuma Ulaya kwa wasimamizi wa programu.

"Nimeshika, mwalimu. Mais bale ba Ulaya banakatala tena. Banasema, nani alijaribu? Banataka mutu asiyejua ordinateur, kompyuta, afwate page zote, aseme alikwama wapi. Kama hapana, siku ya samedi banazitupa."

Miezi mitatu ya kazi! Syauswa alitamani kulia. Katika mji ambao watu wanalala na viatu miguuni, nani angekaa kujifunza mashine? Mwalimu mwenzake Gérard, alipoombwa, alikuwa amecheka tu. Kaswera, mke wa Syauswa, alikuwa amemwambia atafute unga kwanza.

"Nitapata mutu," alidanganya, akaendelea kusoma. "Pili..."

Mlango ulipigwa teke. Askari wawili waliingia, wakazima redio.

"Twende."

Njiani alijilaumu vibaya. Kusema hewani kila siku, saa ileile, maneno yasiyoeleweka na mtu, tena wakati wa vita! Mjinga gani hakuliona hili? Watu walikuwa wamepotea kwa makosa madogo zaidi.

Ofisini, kamanda alifungua daftari nene. Kurasa zote nane zilikuwemo, neno kwa neno, kwa mwandiko wa kalamu.

"Ni sauti yako hii?"

"Ndiyo, mon commandant. Lakini hapana siri, ni—"

"Nyamaza. Tangu myezi tatu tunakusikilizaka. Tulizani ni code, maneno ya siri ya adui."

Syauswa alifumba macho, akaanza kusali kimoyomoyo. Alisikia kiti kikiburutwa hadi miguuni pake.

"Ikala, mwalimu."

Alipofumbua macho, askari watatu walikuwa wamebanana mbele ya kompyuta na printa ya ofisi, jasho likiwatoka, mmoja ameshika karatasi nyeupe.

"Tulifwata yote," kamanda alisema, na sasa alikuwa anabembeleza. "Page ya kenda njo tunakwama. Hawa bajinga balikukamata mbele ya kumaliza kuisoma."