Nailoni Ukutani

"Wazazi wapendwa," alitangaza Ngui, amesimama wima kama kiranja kwenye gwaride la shule, "kwa masikitiko makubwa, chumba cha nyuma kimeshindwa vita na kuvu. Hakifai binadamu."

"Kunywa chai," alisema mama yake. "Ya rangi. Maziwa yameisha tena."

Baba yake, Mzee Kimeu, hakucheka. Mpangaji alikuwa ahamie mwisho wa Agosti, na ukuta wa chumba kile ulikuwa mweusi tii. Zamani kilikuwa cha binti yake Kavutha, kabla hajamfukuza. Jina hilo halikutajwa tena katika nyumba ile ya Buruburu.

"Ngui, kama ni wewe unaumwagia maji ukuta ili chumba kisipangishwe, sema sasa."

"Mimi, baba?"

Kijana aliyewahi kutia chumvi kwenye sukari ya mchungaji hakuwa na wa kumtetea.

Jioni alikuja fundi Andati. Alikwangua plasta, akainusa.

"Ni mvua hiyo, fundi," Ngui aliharakisha kusema. "Unyevu umepenya kutoka nje. Mawe yenyewe yameoza. Mpangaji akivuta hewa hii, mapafu yataota uyoga. Heri chumba kifungwe hadi Krismasi."

"Mvua gani, daktari, Agosti hii?"

Andati alibandika kipande cha nailoni ukutani, akakiziba pande zote kwa selotepu. "Kuvu haipakwi rangi kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Yakitokea nyuma ya nailoni, mgonjwa ni ukuta. Yakitokea mbele, yametoka humu chumbani."

Kimeu alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Ngui aliiombea nailoni ile ilowe nyuma kuliko alivyowahi kuombea mtihani wa hesabu.

Asubuhi wakafungua. Andati aliibandua polepole. Nyuma, kavu. Mbele, matone yalitiririka hadi sakafuni.

"Ukuta hauna kosa," alisema. "Hii ni pumzi, mzee. Kuna watu wanalala hapa."

Kimeu alitazama dirisha. Komeo lilikuwa wazi. Akamgeukia mwanawe.

"Ni mimi, baba," Ngui alisema. "Huwa napitia dirishani."

"Usiku kucha ulikuwa unakoroma sebuleni. Nilikusikia."

Ngui alitazama viatu vyake. Maneno yote makubwa yalikuwa yamemwishia.

"Ni Kavutha, baba. Na mtoto wake. Amemwita Kimeu."