Kigoda cha Kupandia Mlima

Siael alikata miguu ya kigoda mara tatu ili kipungue uzito. Alikuwa amekiunda kwa mabomba ya alumini na turubai la hema kuukuu, kikakunjika kama mwavuli. Kila alipokata, mumewe Eliakunda alikinyanyua tu. Mtu aliyeongoza wapanda mlima maisha yake yote hupima kitu kwa kukibeba.

"Bado kizito," alisema. Mara ya tatu akatabasamu.

Asubuhi iliyofuata, baada ya miaka miwili ya magoti mabovu, Eliakunda alipanda tena mlima, Siael akiwa naye. Kwenye kona ya kwanza alikifungua, akakaa. Kilimbeba vizuri. Alipotaka kuinuka, magoti yakakataa. Kigoda kilikuwa kifupi mno.

Siael akamshika kwapani.

"Niache, mama," alinong'ona. "Wanakuja."

Wapagazi walikuwa wanashuka, vijana aliowafundisha njia yeye mwenyewe.

"Shikamoo, kiongozi! Umerudi!"

"Marahaba. Napumzika kidogo."

"Kiti kizuri hicho! Mama, tutengenezee na sisi."

Siael alifungua mdomo. Mumewe akamtazama, naye akaufunga. Wakapita mmoja mmoja, wakikisifu kigoda.

Alipofika wa mwisho, Eliakunda aliinama mbele kama wa kuinuka, akamnyooshea mkono. Kijana akaushika kwa mikono yake yote miwili, akainama kwa heshima, akauachia, akawakimbilia wenzake.

Mkono ule ulibaki hewani, kiganja wazi.