Maji ya Kunawa

Mchana polisi waliwamwagia wanafunzi maji ya rangi ya zambarau, ili kila aliyeandamana kudai fedha za mabweni zilizoliwa ajulikane kwa ngozi yake. Rangi ile haisikii sabuni. Jioni, Mkurugenzi Shebughe wa elimu akamkaribisha nyumbani Afande Ligwa, aliyetoa amri hiyo, aje wale pilau pamoja.

Bi Mwanahija, mke wa mkurugenzi, alileta birika na beseni, akaanza kumnawisha mumewe. Maji yalitoka birikani safi kabisa. Yalipopita mikononi mwake, yakaanguka zambarau.

"Baba Mosi, leo ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Sikutoka hata mlangoni." Akasugua. Rangi ikapanda hadi viwikoni. "Ongeza maji, mama. Ongeza!"

Akaongeza mpaka beseni likajaa. Kisha akaleta beseni jingine, akamgeukia mgeni.

"Karibu unawe, Afande."

Afande Ligwa alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Akaishusha taratibu, akatia mikono mifukoni.

"Nimeshakula kazini, shemeji."

Bi Mwanahija hakuondoka. Alisimama mbele yake, birika limeinama, likidondosha tone moja moja kwenye beseni tupu.