Moyo Ndani ya Chupa

Mtaa huu hakuna anishindaye kwa sayansi. Niliisoma mpaka darasa la nne, na mwaka mzima nikasinzia nyuma ya nguzo.

Siku hizi kila mtu huvaa bangili inayowaka akimwamini anayesema naye, na sheria hairuhusu upasuliwe mpaka iwake. Binti yangu Mwanatumu, mtaalamu wa mioyo, aliniletea moyo mpya aliouotesha mwenyewe, ukidunda ndani ya chupa. Subhanallah! Akanieleza taratibu kwamba wangu umechoka, hautaifikia Ramadhani. Bangili yangu giza totoro.

"Mama, miaka kumi na minne nimelisomea jambo hili!"

"Najua, mwanangu. Ikaripie bangili, usinikaripie mimi."

Basi akayaandika maneno yake yaleyale kwenye karatasi, akamwita Maalim Shekue wa msikitini aje kunisomea. Maalim akafungua kinywa, bangili ikawaka mpaka chupa ikang'aa. Aliposoma "geuza ukurasa", ikazidi.

Maalim mwenyewe akaduwaa. "Bibi, wallahi sielewi hata nilichosoma."

Ikawaka tena.

Mwanatumu akatia sahihi kwamba kesho nitapasuliwa, kisha akawa anaikunja karatasi yake, anaikunjua, anaikunja. Nikamshika mkono.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hata kidogo, mama. Nimefurahi."

Bangili ikazimika papo hapo, naye akaiona kabla sijaifunika kwa kanga.