Marufuku Spea Mpya

Pampu ya mafuta ilikata roho hatua chache kabla ya geti la makumbusho ya mashine za kale, na fundi cherehani akamshukuru Mungu kwamba geti lenyewe lilikuwa kwenye mteremko. Gari likaserereka kimyakimya hadi mwisho wa safu ya magari ya klabu, likasimama kama lililopimiwa kwa rula.

Wenzake wakapiga makofi. "Limetulia hilo! Hata injini haisikiki!"

"Marehemu huwa hasikiki," mkewe akanong'ona. "Baba watoto, mwambie Mwenyekiti ukweli, tuvutwe twende zetu nyumbani."

"Wewe tabasamu tu."

Siku hiyo alikuwa kwenye mtihani. Saa kumi alasiri magari yote tisa ya Klabu ya Magari ya Zamani yangewashwa kwa mpigo. La kwake likiwaka, angevishwa beji ya uanachama. Likigoma, basi tena. Na klabu ilikuwa na sheria moja tu, iliyoandikwa kwa wino mwekundu: marufuku spea mpya.

Baba yake, mwenye gari hilohilo, alifukuzwa klabuni kwa ajili ya plagi moja ya dukani, tena aliitaja mwenyewe bila kuulizwa. Mpaka anazikwa, mzee alikuwa akikwepa mtaa wa Mwenyekiti kwa aibu. Mwanawe alikuja kuifuta aibu hiyo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Gari linapendeza. Pampu ileile ya kiwandani?"

"Ileile."

"Itunze. Hizo hazipatikani tena."

"Ya kwako uliipata wapi?"

"Subira," alisema Mwenyekiti, akitazama mbali. "Subira na macho."

Daktari wa meno, mkali kuliko wote, alikuwa akipita na tochi, akichungulia matumbo ya magari ya wenzake kama anayetafuta jino bovu. "Ukikubali skrubu moja ya leo," alimwambia fundi, "kesho utakubali gari zima la leo. Baba yako alianza hivyohivyo."

Fundi akatabasamu.

Ndani walipokewa na mama mmoja mwenye koti la bluu, aliyekuwa akitembeza wageni. Akawapitisha kwenye mitambo ya mvuke, yenye trekta kuukuu mwishoni, mashine za kukoboa na mtambo wa kuchapia magazeti, mpaka kwenye ukumbi wa magari. Hapo fundi akasimama ghafla. Lilikuwepo gari kama la kwake, umbo lilelile, hata rangi.

"Hili ndilo tunaloringia," alisema yule mama. "Kila kilichomo limetoka nacho kiwandani. Tangu liletwe hatujafungua boneti, lisije likaharibika. Tunafuta vumbi tu."

Wanaklabu wakavua kofia. Mmoja akajipangusa jicho.

"Kila mwaka tunapiga kura twende wapi," Mwenyekiti alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Ufukweni, milimani, popote. Na kila mwaka tunachagua hapa, wote, bila hata mmoja kupinga. Hapa mtu anajifunza uaminifu."

Fundi hakuwa akisikiliza. Alikuwa akihesabu. Pampu hushikwa na boliti mbili. Spana namba kumi na mbili ilikuwa mfukoni. Dakika sita, labda saba. Maisha yake yote hajawahi kubaki hata na kipande cha kitambaa cha mteja. Hata mabaki ya kutosha mfuko tu aliyarudisha, yakiwa yamekunjwa. Lakini gari lilikuwa la baba yake, na jina lilikuwa la baba yake.

"Samahanini wakubwa," alisema, akishika tumbo. "Naomba msalani."

Hakuna aliyeshangaa. Daktari wa meno naye alilalamika tumbo tangu kwenye mitambo ya mvuke, na hajaonekana tena.

"Maji ya huku hayo," alisema Mwenyekiti kwa huruma. "Kila mwaka yanatusumbua."

Kundi likaelekea kwenye saa za ukutani. Fundi akajibanza nyuma ya nguzo mpaka sauti zikapotea, kisha akarudi kwa kunyata. Alimuomba baba yake msamaha, akatia mkono chini ya boneti, akavuta.

Ilifunguka kwa ulaini, kama mlango wa duka.

Hapakuwa na pampu. Hapakuwa na kabureta pia, wala dinamo, wala rejeta, wala plagi hata moja. Kilichobaki ni kile tu kisichoenea chini ya koti, na pembeni yake aliona sakafu, safi, imepigwa deki.

Nyuma yake mtu akakohoa.

"Umechelewa, mwanangu," alisema Mwenyekiti, upole wa mzazi tele sautini. "Pampu ya humo ninayo mimi tangu mwaka juzi. Kajaribu lile trekta kule mwisho. Ila ngoja kwanza daktari amalize."