Shimo la Mwisho

Mashimo kumi na tisa ya vyoo yalikuwa yameshapimwa, na kisima cha mtaa bado kilitoa maji maangavu, yasiyosema lolote. Lilibaki shimo moja tu, la gereji.

Mpima maji alikuwa amechoka mpaka mifupani. Binti yake alikuwa na wiki ya nne amelazwa, na daktari hakumung'unya maneno: ni maji ya kisima, kuna uchafu unaingia humo. Sasa mdogo wa binti huyo naye alikuwa ameanza kutapika. Kisima hakikufungwa, kwa kuwa mtaa mzima haukuwa na kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Alimwaga kijiko kimoja cha rangi ya kijani kwenye shimo la mtu, kisha akangoja kisimani siku nzima. Maji yakigeuka kijani, mwenye shimo ameumbuka. Mstari mwekundu ungechorwa kwenye ramani ya mtaa, na aliyeangukia ndani ya mstari angevunjiwa choo na nyumba. Orodha ya mashimo aliiandika mwenyewe. La kwake hakuliweka, maana alilichimba kwa mikono yake, kwenye mwamba mgumu, na aliliamini.

Jumamosi fundi wa gereji alimfuata nyumbani, akamkuta uani akipima rangi.

"Kaka, ukinivunjia pale nitakwenda wapi na watoto?"

"Na mimi wangu niwapeleke wapi? Hata lingekuwa shimo la mama yangu mzazi, ningelifukia."

Alimgeukia kwa hasira, kopo likamponyoka, na rangi yote ikammwagikia kwenye ovaroli. Fundi alitaka kumsaidia kujipangusa, akafukuzwa kama kuku.

Jumapili mpima maji alishinda hospitali, ameushika mkono wa binti yake uliobaki ngozi na mifupa. Alimwahidi kwamba kesho atamjua adui yao. Mkewe alibaki nyumbani na yule mdogo, akilisugua ovaroli beseni baada ya beseni, na maji yote akayamwaga chooni ili ua usichafuke.

Jumatatu asubuhi alivaa ovaroli lake, akapitia ofisini kuchukua kopo jipya, akashika njia ya gereji. Kisimani alimkuta fundi amepiga magoti, ndoo mbele yake. Maji ndani ya ndoo yalikuwa ya kijani, kijani cha majani mabichi.

"Basi umenimaliza," fundi alisema, machozi yakimlengalenga. "Umemwaga saa ngapi? Mbona hata hukuniita nishuhudie?"

Mpima maji alilitazama kopo mkononi. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa kwa waya. Kisha akainama polepole, akalitazama ovaroli lake, jeupe pe, likinukia sabuni.